Nikinyamaza timu yangu inaumia, nikijisema najichukia

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika hii barua mara tatu nikafuta, leo naituma hivi hivi ilivyo. Naomba usitaje jina langu wala kazini kwangu.

Nina miaka 38, naongoza timu ya watu sita kwenye kitengo cha mifumo ya kompyuta. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kawaida miaka tisa, yaani yule mtu ambaye mfumo ukigoma saa nane usiku anapigiwa simu yeye, na kusema ukweli nilikuwa naipenda ile hali. Mwaka jana nikapandishwa cheo. Sikuomba, niliitwa tu nikaambiwa kuanzia Jumatatu wewe ndo kiongozi, nikasema asante nikaenda zangu kuendelea na kazi niliyokuwa nafanya.

Shida yangu ni kujisema. Mama alitulea na usemi mmoja, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mi nikaushika kweli kweli. Ripoti zangu ni fupi, kwenye vikao naongea nikiulizwa, mtu akinisifia nabadilisha mada. Miaka yote hiyo nikiwa fundi haikunidhuru, manake mfumo ukiwaka kila mtu anaona umewaka.

Sasa miezi minne iliyopita tulihamisha kumbukumbu zote za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Wikiendi tatu hatukulala. Kuna kijana mmoja kwenye timu yangu, mdogo kuliko wote, ndo aligundua kwamba maelfu ya wateja wamejirudia mara mbili mbili kwa sababu ya namna majina yalivyokuwa yameandikwa zamani, akatengeneza programu ndogo ya kuwatafuta mmoja mmoja, bila yeye tungewasha mfumo mpya na uchafu wote ndani. Idara nyingine walitusaidia upande wa kuwasiliana na wateja. Siku ya kuwasilisha kwa wakurugenzi kiongozi wa ile idara ndo alisimama na slaidi, mazuri kweli, na kila slaidi ilikuwa "tulihamisha", "tuligundua", "tulisafisha". Mi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Mkurugenzi akauliza kuna mwenye nyongeza? Nikatikisa kichwa.

Tukiwa tunatoka yule kijana akanisogelea akaniambia taratibu, "Bosi, si ulikuwa umekaa pale pale." Hakuongeza neno. Mpaka leo anafanya kazi vizuri tu, ila zamani alikuwa anabaki baada ya muda wa kazi kunionyesha vitu alivyojaribu, siku hizi saa ikifika anabeba begi lake.

Jambo la pili. Meneja wangu aliniita akaniambia mimi kazi yako naijua ila kule juu hawakujui, inabidi ujiuze kidogo. Akaniuliza napenda nini nje ya kazi, nikamwambia ukweli, natengeneza redio za zamani. Jioni nikishakula nakaa na mita yangu na mashine ya kulehemu, naanza na betri zilizovuja zikala vyuma, halafu kapasita zilizokauka, natafuta mpaka sauti inarudi. Hamna anayenilipa wala simuuzii mtu. Huwa inanishangaza mpaka leo kwamba transista ya kwanza ilitengenezwa Desemba 1947 na kufika 1954 tayari redio ya transista ya kubeba mfukoni inauzwa, ukifungua moja ya miaka hiyo unaona kabisa mkono wa mtu aliyeiunga. Meneja macho yakamtoka, akasema hiyo ni stori nzuri sana, iandike LinkedIn, watu wanapenda viongozi wenye vitu kama hivyo.

Nikaandika. "Mambo matano ambayo redio ya marehemu baba imenifundisha kuhusu uongozi." Mawili yalikuwa ya kweli, matatu niliyatunga ili yafike matano. Laiki zikaja zaidi ya 400, mkurugenzi mwenyewe akakomenti. Na tangu siku hiyo Shangazi sijaigusa ile redio. Nilikuwa nimeifungua nibadilishe uzi unaozungusha mshale wa stesheni, iko vile vile mezani imefunikwa kitambaa. Nikikaa kuishika, kichwani naanza kuandika kapsheni. Redio ya baba yangu.

Sasa nafasi ya meneja imetangazwa, meneja wangu anahamia makao makuu. Zimebaki wiki tatu kufunga maombi. Yule wa slaidi ameshaomba. Meneja ananiambia niombe na nipost kila wiki kuanzia sasa. Mwenzangu nyumbani anasema niombe, ila naye kaona kwamba siku hizi jioni nakaa tu na simu.

Je niombe? Mtu asiyejua kujiuza anafaa kweli kuongoza? Na je, ili nisonge mbele lazima niwe kama yule wa slaidi? Nisaidie kuwaza, naona nimezunguka sehemu moja miezi minne.

Ni mimi, Fundi wa Jioni

*

Marahaba mwanangu, na asante kwa kutofuta mara ya nne.

Nimeisoma barua yako usiku nikairudia asubuhi, na nikikuelewa vizuri una mizigo mitatu ambayo imefungwa kamba moja ndo maana inakulemea. Kuna kikao ulichonyamaza na kijana aliyekuangalia. Kuna redio ya baba iliyogeuka kuwa tangazo. Na kuna nafasi ya kazi yenye tarehe ya mwisho. Umeniuliza sana kuhusu huo wa tatu, ila ulipoandika kwa uchungu ni kwenye miwili ya mwanzo, kwa hiyo uniruhusu nianzie huko.

Unasema hujui kujisema. Mi nimeangalia aya yako ya kuhamisha kumbukumbu za wateja: umeeleza tatizo lilikuwa nini, nani aligundua, alifanya nini, na bila yeye ingekuwaje, na idara iliyowasaidia pia ukawataja kwa haki yao. Aya moja tu, haina majigambo hata kidogo. Ungeisoma vile ilivyo pale mkurugenzi alipouliza kuna nyongeza, ingekuwa sekunde arobaini. Kwa hiyo sina uhakika kama tatizo ni kutojua. Nadhani kuna kitu kinakukataza, na hicho ndo ningependa tukiangalie.

Usemi wa mama naupenda, na mimi nimelelewa nao. Lakini hebu tuuangalie kidogo. Kizuri kinajiuza kikiwa mahali kinapoonekana. Ulipokuwa fundi kazi yako ilikuwa inaonekana yenyewe, umesema mwenyewe, mfumo ukiwaka kila mtu anaona. Kazi ya kusafisha majina elfu na elfu ikifanyika vizuri matokeo yake ni kwamba hakuna kinachotokea, na kitu kisichotokea hakina wa kukiona mpaka mtu aseme. Sisi wanadamu tuna kosa moja kwenye hili, tunadhani wenzetu wanatuona kuliko wanavyotuona. Thomas Gilovich na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2000, walimvalisha mwanafunzi tisheti yenye sura ya mwanamuziki Barry Manilow, kitu cha aibu kwa vijana wale, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya watu chumbani wametambua ile sura, kumbe ni kama robo tu. Tisheti hiyo, iko kifuani! Sasa programu ndogo ya kijana wako iliyokaa ndani ya kompyuta itaonekana na nani?

Kuna jambo lingine hapo na hili naomba ulipokee kwa upole maana nalisema kwa upole. Sifa zako wewe unaweza kuziacha, ni zako, ukiamua kuziachia hata mlangoni ni sawa. Za yule kijana hazikuwa zako kuziachia. Ulipotikisa kichwa wewe ulijisikia mnyenyekevu, au labda uliogopa, sijui, ila yeye aliona kiongozi wake ameulizwa kama kuna la kuongeza akasema hakuna. Nafikiri ndo maana ile sentensi yake inakurudia. Hakukuambia ungejisifu. Alikuambia ulikuwepo.

Hapo hapo nataka nimtetee kidogo yule wa slaidi, najua hutapenda. Mimi sikuwepo, inawezekana kabisa alijua anachofanya. Ila mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza mume na mke kila mmoja peke yake, wewe unafanya kiasi gani cha kazi za nyumbani, wakijumlisha majibu mara nyingi yanazidi kazi yenyewe yote. Hawakuwa waongo, kila mtu anakumbuka jasho lake kwa sababu ndo alilolihisi. Idara yake ilipokea simu za wateja wenye hasira wikiendi zile zile, na wewe hukuziona. "Tuligundua" yake inawezekana kichwani mwake ilikuwa ni sisi wote. Nalisema hili kwa sababu ukiamua kurekebisha rekodi, utaingia tofauti ukiwa unaenda kuongezea kilichosahaulika na ukiwa unaenda kumkamata mwizi.

Kurekebisha kwenyewe bado inawezekana? Miezi minne ni mingi, siwezi kukuficha. Ukiandika imeili kwa wakurugenzi leo, tena nafasi ikiwa imetangazwa, tena mpinzani wako akiwa ni yule yule, itasomwa kama kampeni hata kama moyo wako ni safi. Njia nyingine ni ndogo zaidi. Mfumo mpya lazima bado unahitaji maelezo, kuna mtu anauliza kwa nini majina yanaandikwa hivi siku hizi, basi siku hiyo kijana ndo aende akaeleze, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na wewe umtambulishe kwa kusema alichofanya. Au unaweza kukaa na meneja wako kabla hajaondoka umwambie ile kazi ilienda hivi na hivi, ningependa ujue kabla ya tathmini ya vijana wangu. Hii ya pili ina hatari yake, anaweza akaibeba akaitumia kukusukuma wewe kwenye hiyo nafasi, kijana akabaki pale pale. Itabidi uwe wazi kwamba unamwongelea yeye.

Na kabla ya hayo yote, kuna kuongea na kijana mwenyewe. Sijui kama mmewahi kuligusa tena. Watu wengi hapa hukimbilia kujieleza, unajua mi nimelelewa hivi, unajua mi siyo mtu wa maneno mengi. Yanaweza kuwa kweli yote na bado yakamfanya yeye ndo akufariji wewe. Fikiria ungemwambia nini kama usingeruhusiwa kujitetea hata kidogo. Pia ujiandae kwamba anaweza akasema tu sawa bosi, na asianze kubaki jioni kesho yake wala mwezi ujao.

Kwa siku za mbele wapo viongozi wasioweza kupiga kelele kama wewe ambao huwa wanaandika imeili fupi kila Ijumaa kwenda juu, mistari mitano, kimefanyika hiki, na nani, kimezuia nini. Hakuna sifa ndani yake, kuna majina na vitenzi tu. Nimeona inawafaa watu wa aina yako kwa sababu inafanana na kuandika ripoti ya fundi. Ila ukianza kutaja majina basi uwe makini nani humtaji, mtu asiyetajwa wiki nne mfululizo anahesabu, amini hilo, na kazi za kila siku za kulinda mfumo usidondoke ni rahisi sana kuzisahau kwa sababu hazina tukio.

Sasa redio.

Hapa nilisimama kusoma kidogo. Umeniambia mawili yalikuwa ya kweli na matatu uliyatunga, na mi nadhani kidonda kiko hapo kuliko kwenye laiki zenyewe. Ila laiki nazo zina lao. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walienda kwenye shule ya chekechea wakachukua watoto waliokuwa wanapenda kuchora na kalamu za rangi bila kuambiwa na mtu. Wengine wakaahidiwa cheti wakichora, wengine wakachora tu, wengine wakapewa cheti ghafla baada ya kumaliza bila kukijua. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, uchore usichore shauri yako. Wale walioahidiwa cheti walichora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakuharibika kitu. Naona ni kama kilichoharibu ni kuchora huku cheti kikiwa kichwani, na wewe umekiita kwa jina lake, kapsheni.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu kupost kila wiki, nitakuuliza kwanza unapost nini. Kuna kuandika kuhusu kazi, mfano namna timu ilivyowapata wateja waliojirudia, kitu ambacho fundi mwingine mahali popote anaweza akakisoma akaokoa wikiendi yake. Hicho kina faida kwa mtu na hakikugusi moyoni. Halafu kuna kuitoa jioni yako. Si lazima viende pamoja eti kwa sababu meneja alivitaja siku moja. Inawezekana kumwambia asante, ya kazi nitajaribu, ya redio naiacha nyumbani. Sidhani kama atakasirika, ila inawezekana akaona humfuati ushauri wakati anakupigania, hilo ulipime wewe unayemjua. Na ile post ya kwanza, kuifuta au kuiacha au kuandika chini yake kwamba mambo ya kweli yalikuwa mawili, sina jibu. Kuna watu wangepata nafuu kwa kuifuta, kuna wengine wangejikuta wanaifikiria zaidi. Ila ningependa kujua hayo mawili ya kweli ni yapi. Hukuyaandika kwenye barua, na nadhani ni kwa sababu ni yako.

Nije kwenye nafasi ya meneja, manake wiki tatu siyo mbali.

Umeuliza kama asiyejua kujiuza anafaa kuongoza. Google mwaka 2008 walianza kuchunguza ndani kwao mameneja wazuri wanafanya nini, wakapata tabia nane wakazipanga kwa uzito. Ya kwanza ilikuwa kuwa mwalimu mzuri kwa watu wako. Ya mwisho kabisa, ya nane, ilikuwa utaalamu wa kiufundi. Nakuletea hii ikukate pande zote mbili. Kijana aliyekuwa anabaki jioni kukuonyesha vitu alivyojaribu alikuwa anakutumia kama mwalimu, na hilo haliletwi na slaidi. Lakini pia ule ubingwa wako wa saa nane usiku, ambao nahisi bado ndo unauegemea ukijiuliza una thamani gani, pale juu hautakubeba sana. Umeniambia ulipopewa cheo ulisema asante ukaendelea na kazi uliyokuwa unafanya. Je, mpaka leo umeshaanza hii nyingine? Sikuulizi kwa kukulaumu, hakuna aliyekukalisha chini akakueleza imebadilika.

Ukiomba, kujieleza hakutaisha siku ya usaili, kutaanza. Sehemu kubwa ya umeneja ni kuingia vyumba ambavyo watu wako hawaingii na kuwasemea bajeti, mishahara, likizo, makosa yao. Ukipata na ukaendelea kutikisa kichwa, wataumia wengi zaidi ya sita. Usipoomba, inawezekana meneja wako akawa yule wa slaidi, na timu ikahitaji mtu anayesema kwa nguvu zaidi kuliko sasa, kwa hiyo kutokuomba hakukutoi kwenye jambo hili. Na kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja kabisa, kurudi kwenye ufundi kama mtaalamu mwandamizi, kama kwenu ipo. Wengine huiona ni kushuka na huenda ndugu na marafiki wakakuuliza kulikoni, mshahara nao uangalie vizuri kabla ya kuongea na mtu wa rasilimali watu. Ila aliyeandika "nilikuwa naipenda ile hali" ni wewe, nimekuta tu neno lako.

Kuwa kama yule wa slaidi, sioni kama kuna anayekulazimisha isipokuwa hofu. Yeye anasimama na slaidi, wewe una aya yako ya sekunde arobaini. Nadhani unaweza kuomba nafasi kwa aya kama hiyo, ukaandika barua ya maombi nzima kwa namna ile ile uliyoniandikia mimi, nani alifanya nini na ingekuwaje bila yeye, na ukajiandika na wewe humo kama mmoja wa waliokuwepo, maana ulikuwepo, wikiendi zote tatu. Wanaweza wasiipende. Wapo waajiri wanaotaka slaidi, na kama wako ni wa aina hiyo bora ulijue ukiwa umejionyesha ulivyo.

Mwenzako kaona jioni zimebadilika, muulize ameona nini hasa, wao huwa wanaona mapema. Kabla ya kujaza fomu yoyote jaribu jioni moja simu ibaki chumba kingine, utoe kile kitambaa, ufunge ule uzi wa mshale tu, hata usiiwashe. Kapsheni zikija ziache zipite. Na ukishaongea na kijana, niandikie alichokujibu, hata kama ni sawa bosi.

Ni mimi, Shangazi yako